Hela ya haraka Skyrim: angalia droo ya mwenye duka kwanza

Mdogo wangu uliyeuliza jana, nimekusoma. Kwenye gemu la Skyrim uko levo ya 7, joka la Western Watchtower umeshalimaliza, mfukoni una septim 140 (hela ya humo), nyumba ya Breezehome pale mjini Whiterun inauzwa 5,000, na unazurura na mapanga ya majambazi mpaka mtu wako hawezi hata kukimbia. Unataka hela ya haraka bila kuandika zile "cheat codes" za kudanganya. Waliokutangulia kukujibu wamekwambia ua majambazi, uza silaha zao. Sawa, lakini hiyo ndiyo kazi unayoifanya tayari, na ndiyo iliyokufikisha kwenye hizo 140.

Mimi huu mchezo nimeanza nao zama za PS3, kwenye kibanda cha gemu hapa Tanga, Ngamiani, ambako runinga zote zilikuwa na mpira na mimi peke yangu nimekaa kona nachuma maua ya bluu. Nilichekwa sana. Siku moja kijana wa kiti cha jirani akaachana na mpira, akaomba ajaribu. Baada ya muda akaniita: "Kaka, huyu mzee wa duka mbona hanilipi?" Nikatazama kioo chake. Yuko kwa Belethor, mwenye duka wa Whiterun, anauza shoka la maana kabisa, na upande wa mwenye duka pameandikwa septim 11. Gemu linamuuliza kama bado anataka kuuza. Akabonyeza ndiyo. Shoka limekwenda kwa septim 11, na bado alikuwa na mapanga mengine sita.

Hapo ndipo penye jibu lako. Mali Skyrim imejaa kila pango. Wanunuzi ndio wachache, na kila mmoja ana droo yenye kiwango chake cha septim. Duka la mchanganyiko kama la Belethor lina 750. Muuza dawa kama Arcadia ana 500. Mhunzi kama Adrianne ana 1,000. Droo zikiisha zimeisha, zinajaa tena baada ya saa 48 za ndani ya mchezo. Mtu wa Muheza hapa hahitaji maelezo: msimu ukipamba moto kila mtu ana chungwa tamu, bei inapangwa na mwenye lori.

Sasa piga hesabu. Whiterun peke yake, droo hizo tatu ni 2,250 kila baada ya siku mbili za mchezo. Ukiweza kuzikausha zote tatu, nyumba ya 5,000 unaipata kwenye mzunguko wa tatu, haijafika hata wiki moja ya kule. Kinachokukwamisha ni kwamba unabeba aina moja ya mali, na kila mwenye duka ana anachokubali kununua. Mhunzi hataki pete. Muuza dawa hataki upanga. Belethor anapokea karibu kila kitu, ndiyo maana wote mnamkimbilia yeye, mnamaliza 750 zake kisha mnarudi kulalamika.

Kwa hiyo mali tatu, droo tatu. Nianze na ya Belethor, maana ndiyo yenye utamu.

Toka Whiterun elekea kaskazini, kuna sehemu inaitwa Halted Stream Camp. Majambazi wanakaa pale. Levo ya 7 unawaweza ukienda taratibu na upinde, usiingie kwa fujo. Ndani mgodini kuna kitabu cha uchawi kinaitwa Transmute Mineral Ore. Kisome hata kama wewe ni mtu wa shoka na ngao, hakidai ujuzi wowote. Uchawi huu unageuza chuma ghafi kuwa fedha ghafi, ukiupiga tena fedha inakuwa dhahabu. Kipande kimoja kwa mpigo. Mgodi wenyewe una chuma, tafuta sururu uchimbe, kila mshipa unatoa vipande vitatu. Usiache hata kimoja.

Kisha rudi Whiterun kwa Adrianne, karibu na lango. Nje pale kuna tanuri la kuyeyushia na kila kitu cha uhunzi, bure. Dhahabu ghafi mbili zinatoa mche mmoja, mche mmoja unatoa pete mbili. Maana yake kila kipande cha chuma ulichochimba ni pete moja ya dhahabu. Pete thamani yake ni 75. Kwa Speech (ujuzi wa maneno na kupatana bei) ya 15, ambayo ndiyo wengi mnaanza nayo, mwenye duka anakulipa kama theluthi, yaani karibu 24. Chuma ghafi thamani yake ni 2, ukikinunua kwa Adrianne anakuuzia kama 6. Sita inaingia, ishirini na nne inatoka. Na pete ina uzito wa robo! Upanga wa chuma una uzito wa 9, thamani yake 25, unalipwa kama 8. Wewe mwenyewe pima nani anabeba mzigo wa maana hapo.

Najua utakachosema: magicka, yaani nguvu za uchawi. Kila pigo linakula kama 88 na mtu wa kawaida ana 100, kwa hiyo unapiga mara moja umekauka. Bonyeza kusubiri saa moja, magicka imejaa, piga tena. Pete moja inataka mapigo mawili, basi ni saa mbili. Watu wengi wanaishia hapa, wanasema ni kazi ya kuchosha, wanarudi kwenye mapanga. Lakini kumbuka droo zinataka saa 48 kujaa. Hizo saa ulikuwa lazima uzisubiri hata hivyo! Unasubiri huku unageuza chuma, ukimaliza mkupuo wako Belethor naye ana hela mpya. Kwa sekunde za kweli kila kusubiri ni kitu kidogo sana. Pale kibandani tulikuwa tunalipia muda na bado niliona inalipa. Juu ya hapo Alteration (ujuzi wa uchawi huu) inapanda kila unapopiga, gharama inashuka, na Smithing (uhunzi) inapanda kila unapotengeneza pete. Ukiwa mtu wa uchawi, yaani umechagua kabila la High Elf, una magicka 50 za ziada tangu mwanzo, utacheka tu.

Pete kama thelathini na moja ndizo zinazokausha droo ya Belethor. Zikizidi usimwongezee kwa bei ya kutupa kama yule kijana wa shoka. Peleka kijiji cha Riverwood kwa mwenye duka Lucan Valerius, naye ana 750 zake, ni jirani kabisa.

Droo ya pili, Arcadia. Humo kwake kuna meza ya kuchanganyia dawa, unaitumia bila kulipa. Mashamba yaliyoizunguka Whiterun yana ngano, na kuvuna hakuhesabiwi wizi, vuna mpaka uchoke. Maua ya bluu ya mlimani yako kila mahali njiani. Ngano na ua la bluu vinatoa dawa ya kurudisha afya na kuiongeza kwa pamoja, si ghali sana lakini inauzika, na uzito wake ni nusu tu. Hela ya kweli iko kwenye kidole cha mguu cha jitu. Jitu linakufa pale shamba la Pelagia wakati unaikaribia Whiterun kwa mara ya kwanza, wale wapiganaji wa kundi la Companions wanalipiga. Je, ulilipekua? Wengi wanapita wakiangalia mandhari. Kidole hicho ukikichanganya na ngano, dawa inakuwa na muda mrefu ajabu, na bei inafuata muda. Ukipata mmea wa creep cluster kutoka kule kwenye maji moto kusini mwa mji wa Windhelm, weka vyote vitatu, bei inapanda zaidi.

Ila majitu usiyafuate levo ya 7. Rungu moja linakurusha angani mpaka unaiona ramani nzima. Ukitaka kidole kingine, panda jiwe ambalo jitu haliwezi kupanda, ulipige mishale kutoka juu na usishuke hata likikaa kimya.

Droo ya tatu ni ya Adrianne, na hapa ndipo silaha zako za majambazi zinapokaa. Lakini beba kwa akili. Gawanya thamani kwa uzito, kitu kikiwa chini ya kumi kiache hapohapo chini. Upanga wa chuma hauvuki. Vitu vilivyorogwa mara nyingi vinavuka kwa mbali. Halafu kuna jambo moja wachezaji wengi hawalifanyi: hela yake ikiisha, nunua chuma ghafi chake chote. Hela yako inaingia kwenye droo yake, unamuuzia silaha nyingine, inarudi kwako, na wewe umebaki na chuma cha kugeuza pete. Hapo unakuwa umebadilishana panga kwa dhahabu bila kungoja siku mbili. (Huyu Adrianne ni binti wa Proventus Avenicci, na Proventus ndiye atakayekuuzia nyumba. Hela inazunguka ndani ya familia moja.)

Kuni za Riverwood nazo umeziuliza. Zipo, Hod ananunua kipande kwa septim 5. Hiyo ni ya mtu ambaye hana hata hela ya kupanda mkokoteni. Vipande mia mbili kwa 1,000? Hapana, labda uwe unapenda mlio wa shoka.

Kuna mwenzetu hapo juu ametaja sanduku la mji wa Dawnstar. Ni kweli lipo, karibu na mgodi wa Iron-Breaker, halionekani kwa macho, unalitafuta kwa kuzungusha alama chini karibu na miti mpaka jina litokee. Ndani ni mali ya msafara wa wafanyabiashara wa Khajiit, wale watu-paka. Unaichukua, unaiuza, baadaye inajaa tena. Sikukatazi. Ila niliwahi kulitumia kwa mtu wangu mmoja, na baada ya hapo kila pango nililoingia nilikuwa naona takataka tu, nikaacha kumcheza. Kama unaicheza mara ya kwanza liache kwanza.

Ujanja ambao nauunga mkono bila aibu ni wa Faendal, yule mwenye upinde wa Riverwood. Msaidie kwenye ugomvi wake na Sven kuhusu msichana Camilla, atakubali kufuatana nawe. Anafundisha Archery (kupiga upinde) kwa malipo. Mlipe, akufundishe, kisha fungua mzigo wake kama rafiki unayetembea naye, hela yako iko mle, ichukue. Kila levo unaweza kufundishwa mara tano. Haikuingizii septim, lakini mafunzo ndiyo yanayomaliza hela za watu kimyakimya, na wewe utakuwa unafundishwa bure.

Speech usiipuuze, ila usiimwagie pointi zote sasa. Ikifika 50 kuna kipaji cha Merchant kinachokuruhusu kumuuzia mfanyabiashara yeyote kitu chochote, pete kwa mhunzi, panga kwa muuza dawa. Huo ndio wakati mchezo wa hela unabadilika, maana droo zote zinakuwa moja. Ikifika 100 kuna kingine kinaongeza septim 1,000 kwa kila mfanyabiashara. Kabla ya 50 pointi zako zina kazi nyingine. Na kama toleo lako lina nyongeza ya Hearthfire, siku za mbeleni tafuta mayai ya samoni, kitunguu saumu na nordic barnacle (kikombe cha majini). Dawa ya kupumua chini ya maji inayotoka hapo ni ghali kiasi kwamba tatizo litarudi kuwa lilelile, hakuna wa kukulipa.

Mwisho, ile mifupa ya joka uliyosema unaitunza. Mfupa mmoja ni uzito wa 15 na thamani ya 500, gamba ni 10 kwa 250. Kutengeneza silaha za joka kunataka Smithing ya 100, wewe hauko hata karibu, na nyumba ya kuihifadhi huna. Usiitie kwenye pipa la barabarani, mapipa mengi yanajisafisha baada ya muda na utaikuta haipo. Mfupa mmoja utalipwa kama 160, minne inakaa ndani ya droo moja ya Belethor. Anza na hiyo leo, Lucan mpe magamba, hela utakayopata nunulia chuma cha Adrianne. Samani za nyumba zinalipiwa kando, kwa hiyo usiende kwa Proventus na 5,000 kavu.