Chomoa hiyo diski kabla fundi hajagusa chochote

Mkuu, simama hapo hapo. Umeandika kwamba wikendi hii mnahamia Windows 11 ofisi nzima, fundi anataka mzime antivirusi ili kazi iende haraka, mumfungulie poti 3389, ule mlango wa Windows wa kuingilia kompyuta kwa mbali, aingie kwenye seva akiwa nyumbani, na bakapu iko kwenye diski iliyochomekwa kwenye seva hiyo hiyo. Kisha unauliza mnunue antivirusi gani na kompyuta za zamani mzipeleke wapi. Hayo baadaye. Diski!

Sisi tulifuata ushauri huo huo, tukaambiwa ni "kwa muda tu". Poti ile ikiwa wazi kwenye intaneti, mshambuliaji hahitaji hata kujua jina la ofisi yenu. Kuna programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikibisha kila mlango na kubahatisha nywila, na akaunti aliyojifungulia fundi wetu ilikuwa na nywila ya kitoto. Tulipofika kazini Jumatatu, hakuna faili iliyofunguka, na kila folda ilikuwa na ujumbe wa kudai fidia. Mhasibu akatutuliza: bakapu ipo. Tukafungua diski, nayo imefungwa yote!

Elewa hapa, maana ndipo tulipoangamia. Kirusi cha fidia kikishaishika seva, kinaharibu kila mahali ambapo seva ina ruhusa ya kuandika. Diski iliyochomekwa muda wote ni folda nyingine tu machoni pake. Na wezi hawa huisaka bakapu mapema kwa makusudi, kwa sababu ofisi yenye nakala salama haina haja ya kulipa. Hesabu tulizirudisha kwa kuandika upya kutoka kwenye risiti, usiku na mchana. Mikataba ambayo haikuwahi kuchapishwa haijaonekana mpaka leo. Fundi akatujibu kwamba yeye alishauri tu, uamuzi ulikuwa wetu. Mtu unamlipa kwa sababu anajua usichokijua, halafu mambo yakiharibika anakugeuzia kibao! Bado naumia.

Usidhani ni mambo ya ofisi ndogo. Juni 2017 kirusi kiitwacho NotPetya kiliiangusha Maersk, kampuni kubwa ya meli. Seva zilizotunza akaunti za mtandao wao zilifutika dunia nzima, ikabaki moja, huko Ghana, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika na seva ikawa nje ya mtandao. Wewe usisubiri umeme ukatike.

Nakili data kwenye diski mbili. Moja ichomoe, ifungie kabatini. Lakini kwanza ichomeke kwenye kompyuta isiyo kwenye mtandao wa ofisi, urejeshe data ya uhasibu na uifungue kweli kweli. Kuona majina ya faili hakutoshi. Fundi akitaka kuingia kwa mbali, apite kwenye VPN, yaani njia iliyofichwa ya kuingilia mtandao wa ofisi, yenye uthibitisho wa hatua mbili. Antivirusi isizimwe.

Atakuharakisha kwa kukukumbusha kwamba msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Ni kweli, na kuhama ni lazima. Ila kama nakala hiyo haijafunguka kufikia Ijumaa, ahirisheni. Ijaribu leo jioni, kisha utuandikie hapa kama imefunguka.