Forester XT ya turbo: 20W-50 au 5W-30?

Salama mkuu. Kama nimekuelewa, Subaru Forester XT yako (ile yenye turbo) inakula oili, fundi anakusukumia 20W-50, oili nzito, na kitabu cha gari kinasema 5W-30, iliyo nyepesi zaidi.

Kwanza usinunue kitu. Pima oili kwa kijiti, gari likiwa tambarare na limezimwa kitambo. Halafu angalia moshi: ukiacha injini silensa (inawaka bila kukanyaga mafuta) muda mrefu kisha ukikanyaga likatoa wingu la bluu, shuku sili za turbo, na hapo oili nzito inaficha tu ugonjwa.

Kama turbo ni zima, mimi kwa joto la Dar natumia 5W-40 sinthetiki kamili, yenye alama ya ubora ya API SN au zaidi. Shafti ya turbo inaelea juu ya oili na huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. 20W-50 asubuhi inachelewa kuifikia. Namwaga oili na kuweka mpya kila kilometa 5,000, hata mafundi wakinicheka.

Injini hizi za turbo za Subaru, aina ya EJ, nyingi zina kichujio kidogo cha wavu ndani ya bolti ya paipu ya oili ya turbo. Kikiziba tope, turbo inakufa kwa kiu hata uweke oili ya bei gani. Mwambie fundi akifungue, kisha ulete picha hapa.