Maswali na Majibu: Kinasa Data Kinachozimika Kabla ya Wiki Kwisha

SWALI: Ndugu Mhariri, nimefunga kinasa data cha kielektroniki, yaani kifaa kinachosoma vipimo na kuvihifadhi chenyewe, chenye kihisi cha unyevu wa udongo na kipima mvua cha kikombe kinachopinduka. Kinatumia betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 7. Nimekipangia kisome kila dakika, lakini huzimika siku ya nne au ya tano, na kila ninapobadilisha betri tarehe hurudi mwaka 2000. Je, ninunue betri kubwa zaidi?

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kununua chochote, fungua programu yako, yaani maagizo uliyokiandikia kinasa, uone kihisi cha udongo kinapata umeme wakati gani. Tuchukulie kwamba kihisi hicho hutumia miliampea 60. Kikiachwa kimewashwa mchana na usiku, kitakula miliampea-saa 1,440 kwa siku, na betri ya ampea-saa 7 itakuwa imekauka kabla ya siku ya tano kwisha, jambo ambalo linafanana sana na ulilolieleza. Lakini programu ikikiwasha kwa sekunde 2 tu katika kila dakika, ikisubiri kitulie, ikisoma na kukizima, wastani wake unashuka hadi miliampea 2. Ukiongeza miliampea 1 ya kinasa chenyewe kikiwa kimelala, matumizi ya siku ni kama miliampea-saa 72, na nusu tu ya betri hiyohiyo itakutosha kwa zaidi ya wiki sita. Tunasema nusu kwa makusudi, kwa kuwa betri ya risasi inayokaushwa mara kwa mara huharibika upesi.

Kwa hiyo unganisha waya wa umeme wa kihisi kwenye tundu linalowashwa na kuzimwa na programu, wala si moja kwa moja kwenye betri. Kisha jiulize kama udongo unahitaji kweli kusomwa kila dakika. Unyevu wake hubadilika polepole, na kwa maoni yetu robo saa inatosha kabisa. Mvua ni tofauti: kila kikombe kinapopinduka lazima kihesabiwe papo hapo, hata kinasa kikiwa kimelala, na thamani inayohifadhiwa iwe jumla ya kipindi, kamwe si wastani.

Kuhusu tarehe, saa ya ndani hutunzwa na betri ndogo ya kitufe, na dalili zako zaonyesha kuwa imekwisha au haipo. Ibadilishe, weka saa upya, na uchague mfumo mmoja wa kuhesabu saa utakaoushika mwaka mzima. Angalia pia kama kumbukumbu ikijaa kinasa huacha kurekodi au hufuta data za zamani, maana watu wengi hugundua hilo wakiwa wamechelewa.

Mwisho, jaribu kila kitu mezani kabla ya kukipeleka shambani. Ikiwa mdomo wa kipima mvua una sentimita za mraba 200 na kila mpinduko ni milimita 0.2, mimina polepole mililita 200 za maji: unapaswa kupata mipinduko 50 hivi, yaani milimita 10 za mvua. Ukisikia mipinduko yote lakini rekodi ikaonyesha milimita 50, kipima mvua hakina kosa. Umesahau kuandika kwenye programu kizidishi cha 0.2, yaani namba ya kuzidishia idadi ya mipinduko ili kupata milimita.