Muulize Mwalimu wa Hesabu: Namba 4294967297 ni tasa au siyo?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko steshenari hapa Sakina, Arusha. Jamaa yangu kang'ang'ania kwamba 4294967297 ni namba tasa, eti imesemwa na mkubwa mmoja wa hesabu huko Ulaya. Mi nimegawa kwa kalkuleta ya simu, namba tasa zote mpaka 100, zote zinabakiza. Nimlipe chipsi kuku wake?

JIBU: Marahaba, usilipe kwanza. Kuishia 100 ni mapema mno, maana ili useme namba ni tasa unatakiwa ufike mpaka kipeuo chake cha pili, na cha hiyo ni 65536 na kidogo, huko chini kuna namba tasa 6542, sasa hapo bando la uvumilivu litakata mzee. Jamaa hajatunga lakini. Fermat wa Ufaransa, mtu wa sheria ambaye hesabu alifanya kwa kupenda tu, mwaka 1640 alichukua 2 kwa vipeo vya 1, 2, 4, 8 na 16, kila jibu akajumlisha 1, akapata 3, 5, 17, 257 na 65537, zote tasa, akaamini zinazofuata nazo zitakuwa hivyohivyo bila kuthibitisha. Inayofuata ni kipeo cha 32, ndo hiyo mnayobishania.

Euler, mwanahesabu wa Uswisi, akaivunja mwaka 1732: 641 × 6700417. Na hakuhangaika na hizo 6542, hapo ndo utamu wenyewe, alionyesha kwamba kigawo chochote tasa cha namba ile ukikigawa kwa 64 lazima kibakize 1. Kwa hiyo unaanza 65, 129, 193 unaenda unaruka 64, ukiacha zisizo tasa unabaki na 193, 257, 449, 577, halafu 641 inagawa bila baki. Jaribio la tano tu! Baadaye Lucas, mwanahesabu wa Ufaransa, akabana zaidi, weka 128 badala ya 64, ukifanya hivyo kabla ya 641 unakutana na 257 peke yake. Chipsi ni zako, ila sababu uliyompa haikutosha.

SWALI: Mwalimu, mwanangu wa darasa la sita hapa Majengo, Moshi, ananiambia namba yoyote ya tarakimu tatu ukiiandika mara mbili, mfano 482482, inagawanyika kwa 7, 11 na 13. Ni kweli au ananichezea? Mama Neema

JIBU: Kweli kabisa Mama Neema. 482482 ni 482 × 1001, na 1001 ni 7 × 11 × 13, basi. Tena mwambie na namba ndefu aikate tatu tatu kuanzia kulia, atoe na kujumlisha kwa zamu. Mfano 2147483647: 647 − 483 + 147 − 2 = 309, na 309 haigawanyiki kwa 7 wala 11 wala 13, basi na ile ndefu haigawanyiki. Hiyo ndefu ni tasa kweli, Euler huyohuyo aliithibitisha mwaka 1772.