Fangasi za vidole vya miguu: daktari wa kwenye simu anatosha?

Mara nyingi anatosha, ila uzuri wa picha ndio unaoamua. Piga picha mchana karibu na dirisha, vidole ukivipanua, kisha nyayo zote mbili na kucha. Usipake kitu kabla. Mtajie kila krimu uliyotumia, hasa zenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho): hizo hutuliza mwasho huku fangasi zikienea, na upele hubadilika sura hadi daktari akashindwa kuutambua. Kati ya vidole, kwa kawaida utaandikiwa krimu ya kuua fangasi: terbinafini 1% kwa wiki 1, au klotrimazoli mara 2 kwa siku hadi wiki 4. Wengi huacha dawa mwasho ukiisha tu, ndiyo maana fangasi zinarudi. Una kisukari, usaha, homa au mguu umevimba? Usingoje simu, nenda kliniki.