Wafadhili wa jengo la kale: hati kwanza, halafu paa

Mkuu, umeuliza wapi mtapata wafadhili wa kukarabati nyumba ya ukoo wenu ya enzi za Mjerumani pale ufukweni Mikindani, Mtwara, na mfanye nini maana kuna watu wanataka ibomolewe. Mimi niko Kyela, bahari naijua kwa kutembelea tu, ila nimekaa kwenye kamati ya nyumba ya zamani ya misheni kando ya Ziwa Nyasa, na vita yetu haikutofautiana sana na yenu.

Usidhani uzee wa jengo unalilinda. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda moja kwa moja, bila kutangazwa, majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Mjerumani alikuja baada ya hapo, kwa hiyo nyumba yenu haina kinga mpaka Waziri aitangaze kwenye Gazeti la Serikali. Sisi tulipoletewa barua ya kubomoa, kelele za redioni hazikutusaidia chochote. Tuliandika Idara ya Mambo ya Kale kuomba mtaalamu, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa mkuu wa wilaya, zote zikagongwa muhuri wa kupokelewa. Waliotaka kubomoa wakaanza kusitasita, maana sasa faili liko Dodoma. Usitoke masjala bila muhuri.

Tuje kwenye hela. Mfuko wa mabalozi wa Marekani wa kuhifadhi utamaduni, ulioanzishwa 2001, masharti yake hayagusi mali ya mtu binafsi. Hapo koo nyingi hukwama: warithi kibao, mmoja yuko Dar, mwingine hasaini mpaka ajue chake. Kaeni kikao cha ukoo, mmalize mirathi, msajili asasi na muipangishe asasi hiyo nyumba kwa miaka mingi kwa maandishi, kisha mumuulize kila mfadhili kama umiliki wa namna hiyo anaukubali. Swali linalofuata kwa mfadhili yeyote ni moja: ikishapona itafanya kazi gani, na bati likivuja baadaye nani analipa? Boma la Iringa, jengo la utawala la enzi za Mjerumani lililokarabatiwa kwa fedha za Umoja wa Ulaya kupitia Chuo Kikuu cha Iringa lilikuwa na jibu, makumbusho, yakafunguliwa 2016. Hapo hapo kwenu Boma la 1895 liligeuzwa hoteli. Nendeni mkaulize wanavyoliendesha.

Kwetu mfadhili mkubwa alikuja mwisho. Tulianza kwa kuchangishana, wengine wakaleta gunia la mpunga, mama mmoja akaleta kokoa, tukauza, tukanunua mbao za kenchi na bati. Mvua za Kyela huzijui wewe! Paa likikaa wazi msimu mmoja, ukuta umekwisha. Picha za paa lile ndizo zilizomvuta mfadhili kuliko andiko letu lote.

Na msione fedha nyingi mkadhani kazi imekwisha. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, yaani Jumba la Maajabu, ya 1883, ilikuwa kwenye ukarabati uliofadhiliwa na Oman ilipoporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakafa. Jengo la namna hii lipimwe na mhandisi na liwekewe mihimili kabla ya mtu yeyote kushika nyundo.

Halafu saruji. Kabla kamati haijaundwa, kuna fundi alipiga lipu ya saruji ukuta unaotazama ziwa. Ukiugonga kwa kifundo cha kidole unasikia uwazi ndani. Tulipoibandua, lipu ilitoka na uso wa tofali, kiganjani ukabaki unga mwekundu, mbichi. Maji yaliingia yakakosa pa kutokea. Tukarudi kwenye chokaa, tukaifuata Songwe, tukailoweka shimoni wiki kadhaa, ndipo ikapigwa. Mafundi vijana walinung'unika kwamba inachelewa kukauka. Ni kweli, inachelewa. Ninyi mna kuta za mawe ya matumbawe na chumvi ya bahari juu yake, saruji itawamaliza haraka zaidi. Kwa hiyo mhandisi wenu akijaza saruji kwenye makadirio kwa vile ndiyo bei anayoijua, mrudishieni karatasi zake arekebishe kabla hamjamtumia mfadhili yeyote.