Sista, mathee hataki niwe nesi wa jeshi

SWALI: Sista habari, niko Kayole, nina miaka 24, diploma ya unesi nilimaliza mwaka jana na leseni ninayo. Nataka kuingia KDF ila mathee amekataa katakata, anasema ntapelekwa Somalia nirudishwe kwa sanduku. Manesi hupelekwa mbele kweli? Na wakileta Al-Shabaab ameumia, ati pia huyo namtibu?

JIBU: Mathee usimcheke. Tangu KDF wavuke mpaka Oktoba 2011 tumezika vijana, na ile Januari 2016 kambi yao ya El Adde huko Somalia ilipovamiwa kina mama wangapi walikesha na simu mkononi.

Sasa hapo kwa mbele. Anayetembea na kikosi ni medik, askari aliyefunzwa kutibu majeruhi papo hapo, nesi mara nyingi yuko hospitali ya kambi, kama ile ya Dhobley huko Somalia, mnamtuliza majeruhi, akizidi anapandishwa ndege aletwe Nairobi. Lakini vita ya siku hizi haina mbele wala nyuma, bomu linazikwa barabarani na kombora linaangukia kambi watu wakinywa chai, kwa hivyo usimdanganye mamako ati utakuwa ofisini.

Kazi yenyewe utaisoma upya. Chuoni tulikaririshwa pumzi kwanza, jeshini ni damu kwanza, juu mtu aliyekatika mguu anaweza kuisha kwa dakika chache tu, so unafunga tonikei, ule mkanda wa kuzuia damu, juu kidogo ya kidonda, si kwa kidonda chenyewe, unakaza hadi damu isimame hata akikutukana (atakutukana), unaandika saa uliyoifunga, ndio unaenda kwa pumzi. Halafu kuna siku nyingi hakuna damu kabisa, ni malaria, kuhara, macho yamejaa vumbi na askari ambaye bibi hashiki simu. Hata Florence Nightingale, yule nesi Mwingereza, alipofika hospitali ya jeshi ya Scutari huko Uturuki 1854, waliokuwa wanauawa na magonjwa walikuwa wengi kuliko wa risasi. Kukagua choo na maji ya kunywa ni kazi yako pia, na hiyo hakuna mtu hupigia picha.

Huyo Al-Shabaab utamtibu, ndio. Mikataba ya Geneva ya 1949 inasema hivyo, unaanza na aliyeumia zaidi, si aliyevaa yunifomu yako. Sheria hiyo hiyo inakuruhusu kubeba silaha ndogo ya kujilinda wewe na wagonjwa wako, na bunduki utafunzwa, maanake kabla ya unesi utakuwa askari, mbio na matope kama wengine.

Kama shida ya mathee ni msichana jeshini, mwambie wanawake walikuwa na kikosi chao kando hadi 1999, na Mei 2024 Fatuma Gaiti Ahmed, aliyeingia 1983, akapewa Jeshi la Anga lote. Na akitokea mtu wa kukuuzia barua ya kuitwa, hata kama ni mjomba, kimbia, kuandikwa ni bure na utaishia seli wewe.

Mathee anaogopa sanduku. Mimi naogopa ukirudi mzima, matatu ipasuke tairi hapo Jogoo Road ujikute umelala chini kati ya watu ukidhani ni bomu, halafu uone aibu kumwambia mtu. Hiyo ndio mkae muongee nayo, wewe na yeye, kabla hujapeleka makaratasi.